Unajiandaa na marathoni? Maji nayo yana kiasi chake

Kila Februari inapokaribia, vikundi vya mbio huonekana barabarani alfajiri vikijiandaa na Kilimanjaro Marathon. Wengi wao si wanariadha wa kulipwa. Ni wafanyakazi wa ofisini, wafanyabiashara, akina mama na akina baba walioamua kutunza afya zao. Huo ni uamuzi mzuri, nami nauunga mkono.

Hata hivyo, kuna ushauri mmoja ambao karibu kila mkimbiaji mpya hupewa: kunywa maji mengi, tena usisubiri kiu. Kwa anayekimbia nusu saa hauna madhara makubwa. Kwa anayekuwa barabarani muda wa saa nne au tano, ushauri huo unaweza kumfikisha chumba cha wagonjwa mahututi.

Kinachotokea mwilini

Damu yako ina madini ya sodiamu, yaani yale tunayoyapata kwenye chumvi. Unapokimbia muda mrefu, mwili hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, hivyo hukojoi kama kawaida. Ukiendelea kunywa kuliko jasho unalotoa, maji hubaki ndani na sodiamu huzimuliwa. Maji hayo huingia kwenye seli, nazo huvimba. Ubongo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu umefungiwa ndani ya fuvu na hauna pa kutanukia.

Tatizo hili si la nadharia. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza mbio. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao uzito wao uliongezeka njiani, maana yake walikunywa kuliko walichopoteza. Waliotumia zaidi ya saa nne nao walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Anayekwenda pole hutoka jasho kidogo kwa saa, na hupata muda mwingi wa kunywa kila penye meza ya maji.

Vinywaji vya wanamichezo navyo havikukingi ukizidisha. Sodiamu iliyomo ni kidogo sana ukilinganisha na ile ya kwenye damu.

Jipime nyumbani

Kiasi cha maji hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kati ya hali ya hewa ya Dar es Salaam na ya Arusha. Njia rahisi ya kujua chako ni mizani. Jipime kabla ya mazoezi marefu, ukiwa na nguo nyepesi. Ukirudi jikaushe jasho, kisha jipime tena.

Tuseme una kilo 60, umekimbia saa mbili, umekunywa nusu lita na umerudi na kilo 59. Umepoteza takriban lita moja na nusu ya jasho. Upungufu huo wa kilo moja ni wa kawaida, na utaufidia kwa chakula na vinywaji vya siku hiyo. Ukipungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, yaani zaidi ya kilo 1.2 kwa mtu huyu, ongeza kidogo unachokunywa safari ijayo. Ukirudi na uzito uleule au zaidi, punguza. Siku ya mbio, kunywa unaposikia kiu. Si lazima usimame kila meza.

Dawa za maumivu

Wapo wanaomeza ibuprofeni au diklofenaki kabla ya kuanza ili magoti yasisumbue. Usifanye hivyo. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati tayari mwili unaielekeza kwenye misuli, na huzidisha kubanwa kwa maji. Goti linalohitaji dawa ili likimbie linahitaji kupumzishwa na kuchunguzwa.

Kama una ugonjwa wa kudumu

Ukiwa na presha, mwoneshe daktari dawa zako kabla ya kuanza mazoezi marefu. Baadhi yake hukufanya ukojoe sana na hushusha sodiamu zenyewe. Usiziache wala kuzipunguza bila ushauri. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla na baada ya kukimbia, na abebe glukosi mfukoni. Mwenye selimundu asiingie kwenye mazoezi marefu bila kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa joto na upungufu wa maji vinaweza kuamsha maumivu makali.

Wazazi, mtoto anayependa kukimbia mwandikisheni kilomita 5. Mifupa yake bado ina sehemu laini za kukulia, hivyo masafa ya watu wazima yanaweza kumuumiza. Akianza kuchechemea, msimwambie avumilie.

Dalili za hatari

Saa au pete inapoanza kubana mkononi, tumbo likajaa na kichefuchefu kikaanza huku umekunywa sana, acha kunywa na utafute huduma ya kwanza. Kutapika, kichwa kuuma sana, kuchanganyikiwa au degedege ni dharura.

Hapa ndipo wasaidizi wengi hukosea. Mkimbiaji anayeongea ovyo au kupepesuka hukimbiziwa chupa ya maji anywe. Huenda maji ndiyo yaliyomfikisha hapo, na aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Mshike mwili. Akiwa wa moto sana, mtoe juani, mmwagie maji na kumpepea mara moja, kwa sababu joto kupita kiasi nalo huua. Kwa vyovyote vile mwahishe hospitali, na uwaeleze wahudumu kwamba alikuwa anakimbia na amekunywa kiasi gani. Taarifa hiyo itawafanya wapime sodiamu kabla ya kumtundikia dripu ya kawaida, ambayo inaweza kumzidishia tatizo.

Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa kukimbia navyo havisubiri kesho, hata kama vimepita vyenyewe. Simamisha mazoezi na umwone daktari siku hiyohiyo.

Wiki hii, kabla ya mazoezi yako marefu, anza na mizani.