Joho la Portia na Wanawake wa Leo

Miaka kadhaa iliyopita, nikifunza fasihi katika shule moja ya mseto, niliwapa wanafunzi wangu zoezi ambalo kila mwalimu analijua: jadili jinsi mwanamke alivyosawiriwa katika tamthilia. Majibu niliyapata kama nilivyoyatarajia. Mwanamke wa tamthilia za kale ni dhaifu, mtiifu na chombo cha kumstarehesha mwanamume. Mwanamke wa leo amezinduka, ni msomi na mtetezi wa haki. Niliyasahihisha yote na kutoa alama bila kusita.

Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akaniuliza, "Mwalimu, lau Portia angaliingia mahakamani na gauni lake, wangalimsikiliza?" Darasa zima liliangua kicheko. Kengele ikalia, nami nikashukuru kimoyomoyo, maana sikuwa na jibu.

Portia ni mhusika wa Shakespeare katika tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri na kuichapisha mwaka wa 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Ni mrithi wa mali nyingi, lakini hana uhuru wa kumchagua mume. Wosia wa marehemu babake unamlazimu aolewe na atakayechagua kisanduku kinachofaa kati ya kile cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Na maisha ya Antonio yanapokuwa hatarini, ni Portia huyo huyo anayemshinda Shylock kwa hoja: chukua ratili yako ya nyama, ila usimwage hata tone la damu. Wanaume wote waliojaa mahakamani hawakuliona hilo. Hata hivyo, ili ayatamke maneno hayo ilimbidi avae joho la mwanasheria mwanamume na kujibandika jina la kiume.

Isitoshe, katika Uingereza ya wakati huo, aliyeigiza nafasi ya Portia alikuwa mvulana. Wanawake hawakuruhusiwa katika majukwaa ya kulipiwa ya London hadi mnamo mwaka wa 1660. Hali ilikuwa ivyo hivyo kule Athens, karne ya tano kabla ya Kristo, Sophocles alipomuumba Antigone, msichana aliyekaidi amri ya Mfalme Creon na kumzika nduguye. Aliyevaa barakoa ya Antigone alikuwa mwanamume, na mwanamke wa Athens hakuwa na kura katika baraza la mji.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, si kweli kwamba tamthilia za kale zilimnyima mwanamke akili na ushujaa. Zilimpa vyote viwili. Ni jamii iliyomnyima jukwaa la kuvionyesha.

Nasi je? Hapana shaka tumepiga hatua. Sheria ya urithi iliyoanza kutumika nchini Kenya mwaka wa 1981 ilimtambua binti sawa na mwana. Mwaka wa 2021 Martha Koome akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa nchi hii, na joho alilovaa ni lake, si la kuazima. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2022 wanawake saba walichaguliwa kuwa magavana, ilhali mwaka wa 2013 hapakuwa na hata mmoja.

Lakini kaunti ni 47. Na Katiba ya mwaka wa 2010 inasema kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, ila Bunge la Taifa lililochaguliwa mwaka wa 2013, la 2017 na la 2022, yote hayakutimiza sharti hilo. Mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa.

Watunzi wetu wameuona ukweli huu. Katika Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981), Lanina anawaongoza wafanyakazi dhidi ya mlowezi, huku baadhi ya wenzake wakitilia shaka uongozi wake kwa kuwa ni mwanamke. Katika Kigogo ya Pauline Kea (2016), Tunu anaumizwa na wahuni kwa kuthubutu kumpinga Majoka. Hawa hawakuvaa joho la mtu, na wamelipia.

Msichana aliyeniuliza swali lile alikuwa naibu wa kiranja mkuu. Kiranja mkuu katika shule ile alikuwa mvulana daima. Hakuna kanuni iliyosema hivyo, wala hakuna mwalimu aliyeuliza, nikiwemo mimi. Baadaye niling'amua kuwa hotuba ambazo kiranja alizisoma gwarideni kila Ijumaa, nasi tukazipigia makofi, ziliandikwa na msichana yule.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa: la, wasingalimsikiliza, na hapa shuleni petu sisi nasi hatujakusikiliza wewe.

Walimu wenzangu, tuendelee kuuliza jinsi mwanamke alivyosawiriwa katika tamthilia. Lakini tukimaliza kusahihisha, tuinue macho tutazame nani anaandika hotuba na nani anaisoma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ni rahisi kuwahukumu watu wa Venisi huku gwaride letu wenyewe likitushinda kulitazama.