Kwa Nini Umaskini Hupanda na Kushuka (Sehemu ya Pili): Ng'ombe wa Biharwe

Anayeingia Mbarara akitokea Masaka hupita Biharwe, penye mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Simulizi za Ankole zinasema Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa akirudi kwao na ng'ombe wa kuteka. Jua lilipozimika mchana kweupe, alitimua mbio akawaacha. Wanyankole, walioishiwa mifugo, wakasema ng'ombe wameanguka kutoka mbinguni.

Sijaanza na ng'ombe hao kwa kupamba. Takwimu za umaskini wa Uganda nazo zina mengi yaliyoanguka kutoka juu.

Mwaka 1992/93, Waganda 56 katika kila 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini. Kufikia 2012/13 hawakufika 20. Serikali ilijisifu, na haki yake ipo: vita vilipungua, barabara zilifika, na soko la kahawa lilifunguliwa mapema miaka ya 1990, mkulima akapata fungu kubwa zaidi la bei. Lakini mwaka 1994 jalidi iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ikaruka duniani kote, na fedha zikafika hadi migombani kwetu. Hilo hakulipanga waziri yeyote.

Mbingu hizo hizo hunyima. Mwaka 2016/17, baada ya ukame, kiwango kilipanda tena hadi asilimia 21.4. Kwanza Idara ya Takwimu ilikuwa imetangaza 27, kisha ikasahihisha. Watu zaidi ya milioni mbili wakatolewa kwenye umaskini kwa kalamu, na hakuna aliyeongezewa hata kikombe cha maharage. Siwatuhumu wanahesabu. Nasema tu kwamba Waganda wengi wamesongamana karibu sana na mstari: mvua ikikosekana msimu mmoja, au mama akilazwa hospitali, kaya nzima huteleza.

Halafu kuna mstari wenyewe, uliochorwa kwa maisha ya miaka ya 1990. Kwa mstari huo, maskini wa 2019/20 walikuwa asilimia 20.3. Ulipochorwa upya kulingana na maisha ya sasa, wakawa 30.1. Kwa hiyo ukisikia kwamba 2023/24 kiwango kimeshuka hadi 16.1, uliza kwanza: kwa mstari upi?

Sasa teremka kusini hadi Nakivale, wilayani Isingiro, kambi iliyopokea wakimbizi tangu 1958. Uchunguzi wa 2018 kuhusu wakimbizi na wenyeji wao nchini Uganda ulikuta maskini 46 katika kila wakimbizi 100, na 17 tu kati ya wenyeji. Mvua ni ile ile, na mkimbizi Uganda anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea. Tofauti iko kwenye ardhi: wenyeji wa Isingiro wana migomba ya kujaza malori ya matoke, naye ana kiploti na posho ya msaada. Posho hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na miaka iliyofuata wengine wakaondolewa kabisa kwenye orodha. Kwake, kinachoanguka kutoka juu huamuliwa na wafadhili walio mbali kuliko Brazil.

Juma lijalo ni zamu ya PDM, mpango uliozinduliwa Februari 2022 wa kupeleka shilingi milioni 100 kila parishi. Msomaji uliyezipata, au uliyeambiwa zimekwisha, niandikie.