Garimoshi Halidanganyi Mwaka

Reli ya Nanyuki inapita Makuyu, mwendo mfupi tu kutoka Kenol, lakini wengi wanaopita hapo kwa barabara pana ya Kenol–Sagana–Marua hawaioni. Wanaikumbuka pale tu wanapotumiwa filamu ya zamani kwenye simu: bendera, askari wa gwaride, umati wa watu, na nyuma yao kichwa cha treni kinachofuka moshi. Chini yake kuna maandishi, aghalabu yenye mwaka na jina la mji. Mara Karatina 1952, mara Nyeri 1920. Maandishi hayo yameandikwa na mtu ambaye hakuwepo. Kichwa cha treni kilikuwepo, na ukijua pa kukitazama kitakwambia mengi kuliko maandishi.

Swali la kwanza halihusu chuma. Linahusu njia: je, siku hiyo reli ilikuwa imefika mahali hapo? Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na Nanyuki mwaka 1930. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika Nyeri akiwinda pande za Mlima Kenya, na Mwingereza Cherry Kearton alipiga filamu katika ziara yake ya Afrika Mashariki. Ile picha maarufu ya Roosevelt akiwa ameketi kwenye benchi mbele ya garimoshi ni ya njia ya Mombasa. Nyeri wakati huo haikuwa na hata taruma moja. Tena hata baadaye reli haikuingia Nyeri mjini. Stesheni iko Kiganjo. Filamu inayodai kuonyesha garimoshi katikati ya mji wa Nyeri, iwe ya mwaka wowote ule, imekosea mji.

Ukisharidhika na njia, tafuta namba. Mwaka 1948 Reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, likazaliwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilivipa vichwa vyake namba mpya zenye mpango mzuri: tarakimu mbili za mwanzo ni aina, mbili za mwisho ni nafasi yake katika aina hiyo. Kwa hiyo 5918 ni kichwa cha kumi na nane cha aina ya 59. Kabla ya hapo vichwa vya Kenya na Uganda vilikuwa na namba fupi, za tarakimu moja hadi tatu, na aina yake ilitajwa kwa herufi. Kichwa kilichoitwa Karamoja kilikuwa namba 87 cha aina ya EC3. Baada ya muungano kikawa 5711. Chuma ni kilekile, namba mbili. Filamu ikionyesha 87, umepata mwisho wa miaka ambayo ingeweza kupigwa. Ikionyesha 5711, umepata mwanzo wake. Hakuna alama nyingine inayokupa jibu kwa bei rahisi hivyo, na ndiyo maana ninashangaa watu wanapobishana kuhusu kofia za askari huku namba iko wazi ubavuni.

Chukua sasa ile Karatina 1952. Ukisimamisha filamu na kusoma 31 mbele ya namba, mjadala umekwisha, kwa sababu vichwa vya aina ya 31 vilitengenezwa na kiwanda cha Vulcan Foundry, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Bado unaweza kuwa ndani ya miaka ya Hali ya Hatari, ambayo iliendelea hadi 1960, lakini si mwaka ule ilipotangazwa. Aina ya 29 ndiyo ingewezekana, maana ilianza kutoka Glasgow mwaka 1951. Namba ikiwa imefichwa na umati, tazama magurudumu madogo yaliyo chini ya chumba cha dereva, nyuma ya yale manne makubwa. Ubavu mmoja wa aina ya 29 una gurudumu dogo moja hapo. Aina ya 30 na 31 zina mawili.

Kuna pia vibao vya majina. Aina za 29, 30 na 31 zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, aina ya 59 majina ya milima, na 5901 yenyewe iliitwa Mount Kenya. Aina ya 60 ilibeba majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru vibao vya magavana viling'olewa. Basi kichwa cha aina ya 60 chenye kibao cha jina na kile kisicho nacho ni nyakati mbili tofauti za nchi, hata kama stesheni ni ileile na umati unapunga mikono vilevile.

Aina hizi mbili, 59 na 60, huwachanganya hata watu makini. Zote ni Garratt, muundo ambao Mwingereza Herbert William Garratt aliusajili mwaka 1907: mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele mmoja nyuma, na boila imening'inia katikati kama mgonjwa kwenye machela. Tangi la maji hutangulia mbele ya dohani, jambo linalomfanya asiyezoea adhani treni inarudi nyuma. Mpangilio wa magurudumu wa 59 na 60 ni mmoja, kwa hiyo kuyahesabu hakukusaidii. Tazama unene. Boila ya 59 ina kipenyo cha karibu mita 2.3, ilhali reli yenyewe ina upana wa mita moja tu, na kichwa kizima kina uzito wa tani 252. Beyer Peacock wa Manchester walivitengeneza 34, na hakuna vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo vilivyowahi kufanya kazi kwenye reli ya mita moja. Kila ekseli ya kuendesha ilikandamiza reli kwa tani 21 hivi. Ekseli ya aina ya 60 ilikandamiza kwa tani 11 hivi, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya reli nyepesi za matawi. Mwenye kukuonyesha 59 akasema ni Naro Moru, kwenye njia ya Nanyuki, mwombe akuonyeshe na jina la stesheni. Kazi ya 59 ilikuwa njia kuu ya Mombasa.

Dohani nayo ina habari yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 shirika lilianza kufunga dohani za mtindo wa Giesl, zilizobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, ili mvuke uvute hewa vizuri zaidi kwenye tanuri. Dohani ya kawaida ni duara. Ya Giesl ni nyembamba na ndefu, imebanwa pande zote mbili. Ukikitazama kichwa kutoka mbele inaonekana kama ubao. Ukikitazama kutoka ubavuni inaonekana pana. Simamisha filamu pale garimoshi linapokata kona, ndipo utaona umbo lote.

Kwa njia yetu kuna kipimo ambacho Mombasa hawana. Reli ya Nanyuki inazunguka Mlima Kenya upande wa magharibi, hivyo anayetoka Sagana kwenda Nanyuki ana mlima mkono wake wa kulia. Ukiona vilele vya Batian na Nelion viko kushoto mwa treni, ama inashuka kwenda Nairobi, ama filamu imegeuzwa kama picha ya kwenye kioo. Kugeuzwa hutokea sana pale mikanda ya zamani inaponakiliwa. Tarakimu na herufi zilizogeuka zitakuambia. Usitumie upande wa dohani kuamua treni inakwenda wapi, kwa sababu Garratt ilikwenda mbele na nyuma bila shida.

Rangi usiiamini. Vichwa vya Afrika Mashariki vilipakwa rangi ya damu ya mzee, hiyo ni kweli, lakini mikanda mingi ya rangi ya miaka ya 1950 na 1960 imechujuka. Buluu na manjano hupotea kwanza, hubaki wekundu kila mahali, hadi mbingu. Kichwa cheusi kwenye mkanda kama huo huwa chekundu bila kupakwa chochote.

Na filamu mpya zina mitego yake. Tarehe 31 Mei 2017 treni ya reli mpya ya Mombasa–Nairobi ilizinduliwa, na kesho yake gwaride la Madaraka likafanyika Nyeri. Vipande vya siku hizo mbili vikiunganishwa, mtu wa miaka hamsini ijayo ataapa kwamba treni ile ilifika Nyeri. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, ya Nanyuki 1,000. Treni ile haiwezi kupita juu ya reli ya Nanyuki. Mtego mwingine ni mabehewa yanayojiendesha bila kichwa, yenye chumba cha dereva kila mwisho, yaliyonunuliwa Uhispania mwaka 2020 kwa ajili ya usafiri wa Nairobi. Hayo hayana dohani wala boila, kwa hiyo mkanda ukiwa nayo usitafute mvuke.

Hata moshi wenyewe si ushahidi. Katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, garimoshi linalovuka nyika halikuwa likijiendesha. Kichwa cha dizeli kilichofichwa ndani ya umbo la behewa la mizigo kilikuwa kikilisukuma kwa nyuma, na moshi ulitoka kwa mpira uliochomwa kwenye tanuri. Anayetaka kuona vichwa vya kweli kwa karibu aende kwenye makumbusho ya reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, asimame kati ya 5918 na 6006, alinganishe unene wa boila, kisha arudi kwenye simu yake na kuitazama tena ile filamu.