Je, Wajua? Mnyama wa Arabuko-Sokoke aliye jamaa ya ndovu

Piga hema na marafiki wikendi moja karibu na Gede, uingie msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, alfajiri. Huenda ukamwona mnyama mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu akifukua majani. Utadhani ni panya. La! Huyo ni sange, na ndovu ni jamaa yake wa karibu kuliko panya.

• Ngao nyuma. Ngozi iliyo chini ya manyoya ya dhahabu ni nene hadi mara tatu kuliko ya mgongoni. Sange dume humng'ata mpinzani hapo nyuma wakifukuzana.

• Wawili, kila mmoja kwake. Dume na jike hulinda eneo moja maisha yao yote, lakini hula na kulala mbalimbali. Kitanda ni rundo la majani makavu, lisilotofautiana na takataka za msituni.

• Bundi wa kiganjani. Msitu huo pia una bundi wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 17 hivi. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Nje ya pwani hii, hupatikana milima ya Usambara, Tanzania, tu.

• Vipepeo wapanda ndege. Tangu 1993, wakulima wa kandokando ya msitu hufuga viwavi kupitia mradi wa Kipepeo, Gede. Vipepeo husafirishwa hadi Ulaya wakiwa bado ndani ya maganda. Wakichelewa njiani, hutokea ndani ya boksi.