Hewa ya ukaa, mafuriko na kisima chako

Kwa mkazi wa Ifakara mafuriko si habari ya gazetini. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia majumbani, hupita chooni, kisha huishia kisimani. Aprili 2024 mvua kubwa zilileta tena mafuriko katika bonde la Kilombero.

Je, hewa inahusikaje? Kila mmea hukua kwa kuvuta hewa ya ukaa. Ukifia kwenye maji yaliyotuama hauozi haraka, na ukaa wake hubaki ndani ya tope. Kwa hiyo ardhioevu ya Kilombero, iliyoingia mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, ni ghala la ukaa. Tunapoikausha kwa mifereji na kuchoma matete tupate shamba, ukaa huo hurudi angani.

Ni kweli, sehemu kubwa ya hewa hiyo imetoka kwenye viwanda, mitambo na magari ya nchi tajiri. Lakini madhara yake hayachagui. Joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kubwa huzidi nguvu. Miteremko ikiwa imefyekwa, maji hushuka bondeni kwa kasi.

Basi nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tumezoea kupima maji ya udhu kwa rangi, ladha na harufu. Kwa maji ya kunywa kipimo hicho hakitoshi, maana vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Chemsha maji mpaka yatokote, uyahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko.

Pili, choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Sakafu yake na mdomo wa kisima viinuliwe.

Tatu, madimbwi huzalisha mbu. Mradi wa KINET uliofanyika Kilombero na Ulanga miaka ya 1990 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto wadogo. Walaze watoto ndani ya chandarua, hata usiku wa joto.

Nne, matete ya kando ya mto yaachwe. Yanapunguza kasi ya maji kabla hayajafika mlangoni kwako.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi. Amin.