Majivuno na Pumzi ya Watu

Zamani, katika nchi ya Wanyakyusa inayoteremka hadi Kyela na ufukwe wa Ziwa Nyasa, chifu aliitwa malafyale. Alikuwa na ng'ombe, wake wengi na kauli nzito, lakini kila kijiji kilikuwa na fumu wake, mtu asiye wa ukoo wa kichifu, na mafumu hao hawakumwacha ajitawalie apendavyo. Malafyale akiwa mchoyo, akala nyama bila kuwagawia watu, walinung'unika. Iliaminika kuwa manung'uniko hayo yalimwingia mwilini kama baridi hata akaugua. Hiyo ndiyo mbepo, pumzi ya watu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930, aliieleza katika kitabu chake Good Company cha 1951.

Mwaka huohuo ilitoka Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert. Mzaliwa huyo wa Tanga hakuwa akiwaandika Wanyakyusa, lakini nikivisoma vitabu hivi viwili pamoja naiona pumzi ileile. Waziri Mkuu wa nchi ya Kusadikika anaitwa Majivuno. Wahakiki huiita mbinu hiyo majazi: jina linatangaza tabia kabla mtu hajafungua kinywa. Majivuno anamshtaki Karama kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama hashiki upanga. Anasimama barazani na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, wakarudi na mema, wakatiwa kifungoni. Kila kisa kinampunguza Majivuno mbele ya watu, mpaka mshtakiwa anaachiliwa huru.

Rejeleo la kifasihi, yaani kudokeza kisa kinachojulikana, humpunguza mkubwa kwa njia hiyohiyo, kwa ufupi zaidi. Kiswahili kimemtaja Firauni mara nyingi hata jina lake limezaa ufirauni, na anayeitwa mfirauni hahitaji maelezo. Kithaka wa Mberia anadokeza kwa mbali zaidi. Katika tamthilia yake Kifo Kisimani (2001), mtemi Bokono anamwogopa Mwelusi, mpinzani wake. Aliyesoma utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, akifika kisimani anamkumbuka Liyongo, shujaa aliyekufa kisimani amepiga goti na upinde mkononi, na hofu ya mtawala aliyetaka afe. Kwa msomaji huyo, Bokono anahukumiwa pamoja na mtawala yule wa kale.

Ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa una mhusika wake pia, naye hakubuniwa. Kusini ya mto Songwe, huko Karonga, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aitwaye Mlozi alijitangaza Sultani wa Nkonde mwaka 1887. Oktoba ya mwaka huo watu wake waliwaua Wangonde wengi kwenye ziwa dogo la Kambwe. Wangonde ni ndugu wa Wanyakyusa kwa asili na lugha, na usultani huo haukutoka kwa wazee wao. Wala mbepo haikumfikia: Waingereza walimshinda kwa silaha na kumnyonga Desemba 1895, kisha wakaitawala nchi wenyewe.

Kwangu mimi, cheo kile cha kujipachika kinamwonyesha Majivuno wazi kuliko riwaya nyingi. Lakini msomaji wa Mombasa au Zanzibar akikutana na maneno "Sultani wa Nkonde" hatashtuka, maana hajawahi kusimuliwa kisa hicho. Mwandishi wa Kyela atakayetaka kumtaja Mlozi kwa neno moja tu, kama tunavyomtaja Firauni, itabidi kwanza amwandikie kitabu.