Chuo cha wananchi kinamfaa mtoto wa mkulima mdogo?

MATOKEO ya kidato cha nne yanapotangazwa kila Januari, katika nyumba nyingi za vijijini akiba ya chakula imeshaanza kupungua na shamba linadai palizi. Mzazi ambaye mtoto wake hakupata alama za kwenda kidato cha tano hujikuta na hesabu mbili mkononi: ya mbolea ya kukuzia, na ya kumtafutia kijana pa kwenda.

Hesabu hiyo ya pili ina jambo la kushangaza ndani yake. Serikali iliondoa ada ya shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na sita. Aliyefaulu husonga mbele bila ada. Aliyekwama ndiye anayedaiwa ada ya chuo cha ufundi, na mara nyingi huyo ndiye aliyesomea kibatari na kushinda shambani siku za mitihani.

Mlango ulio karibu naye ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ambacho wengi hukiita FDC. Vyuo hivi vya serikali viko 54, vingi vikiwa wilayani, kama Newala, Sikonge, Nzega, Tarime na Handeni. Vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, nchi ambayo ilikuwa na vyuo vya namna hiyo tangu mwaka 1868, vilivyofunguliwa ili watoto wa wakulima wapate elimu pana: lugha, historia, uraia, hesabu na ukulima bora. Mwalimu Nyerere alilipenda wazo hilo. Kijana angesoma bila kubanwa na mitihani, kisha arudi kijijini kwake akiwa na ujuzi na macho yaliyofunguka.

Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikutana na soko la ajira. Mwenye karakana mjini haulizi kijana anajua nini kuhusu uraia. Anauliza cheti kiko wapi. Katika miaka ya 2010 vyuo hivi vikaanza kufundisha pia mitaala ya VETA, na leo mwanafunzi anaweza kukaa miaka miwili akisomea umeme, uashi, useremala, ushonaji au ufundi wa magari na kutoka na cheti kinachotambulika.

Ile elimu pana basi imebaki kuwa anasa kwa mtoto wa maskini? Kwa anayetafuta kuajiriwa, labda. Kwa anayekwenda kujiajiri, hapana, na vijana wengi wa vijijini watajiajiri wapende wasipende.

Chukua mfano wa fundi cherehani. Kushona gauni anajua. Asichojua ni kwamba bei aliyomtajia mteja haikuhesabu uzi, vifungo, mkaa wa pasi wala kodi ya kibanda. Anakopesha bila kuandika (na wakopaji wenyewe ni ndugu na majirani, ambao kuwadai ni kazi kuliko kushona), na baada ya miezi sita mtaji umeliwa huku kazi ikiwa nyingi. Kilichomwangusha ni daftari, wala si sindano.

Hali ni hiyohiyo kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Vijana na wanawake huomba kwa vikundi, na kikundi kinahitaji katiba, mihtasari ya vikao na andiko la mradi. Kijana aliyefundishwa kusoma, kuandika na kuongoza kikao ana faida hapo kuliko fundi hodari asiyeweza kujaza fomu.

Hata hivyo, mzazi asidanganywe na ada peke yake. Kuna godoro, sare, nauli, vifaa vya mazoezi, na mikono miwili itakayokosekana shambani kwa misimu kadhaa. Kuuza kipande cha shamba kwa ajili ya kozi ambayo kijana hakuichagua mwenyewe ni hasara inayojulikana mapema. Wenye kipato kidogo wangefanya vizuri kutazama kwanza kozi fupi za miezi michache, ambazo zinaweza kupangwa baada ya mavuno, au kusoma kutwa kama chuo kiko jirani.

Wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito wamepata nafuu ya pekee. Chini ya mpango wa Elimu Haina Mwisho, wanasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na baadhi ya vyuo vina mahali pa kulelea watoto wao wakati mama yuko darasani. Shule nyingi za kawaida hazina huduma hiyo.

Udhaifu mkubwa wa chuo kidogo ni vifaa. Kabla ya kulipa chochote, mzazi afike chuoni siku ya kazi, saa za masomo, aombe kuingia karakana. Ahesabu mashine zinazofanya kazi, kisha ahesabu wanafunzi waliosimama wakisubiri zamu.